Tiki Kwenye Kisanduku cha Chini

9 Januari

Mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako kiziwi. Najua umeniamkia hapo ulipo, kwa hiyo marahaba. Huku hatujambo kiasi. Miguu ya mke wangu bado imevimba. Siku hizi anatoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani, kisha anarudi, basi. Daktari amembadilishia dawa tena. Anakusalimu na anasema umekonda kwenye ile picha uliyotuma. Nimemwambia picha ndizo zinazokondesha watu, hakuniamini. Masikio yangu ni yale yale, niliyaacha kwenye mashine ya kusaga nilikofanya kazi ujanani na sitarajii kurudishiwa. Kwa hiyo simu usinitajie, na vijimeseji navyo usinitajie. Jambo la maana haliandikwi kwa kidole gumba.

Cherehani zinaendelea kuharibika, namshukuru Mungu. Kama zingekuwa na afya tungelala njaa.

Sasa lililonishikisha kalamu. Ile tovuti uliyonitengenezea imekufa. Nilikwenda kwa mwenye steshenari, yule mama anayeniachia kompyuta ya kona, niweke picha ya kila mwezi kama kawaida yangu. Kufungua hivi, ukurasa mweupe pe, na juu yake mstari mmoja wa maneno nisiyoyaelewa. Mwenye steshenari akaizima kompyuta akaiwasha. Siku hizi kila mtu ni fundi wa kuzima na kuwasha. Weupe ukabaki pale pale. Naomba uitazame mapema, wateja wanaiulizia.

Mke wangu amesomea haya begani mwangu na amenuna. Anasema niache uongo, hakuna mteja wa cherehani aliyewahi kuulizia tovuti. Anataka niandike wazi kwamba ni kwa ajili ya kitinda mimba wetu. Mwaka wa saba huu tangu aondoke. Karakana aliyoijua ilibomolewa, sisi mafundi wote wa mtaa ule tukahamishiwa huku, namba za simu zikabadilika. Akitaka kutupata atatafuta jina la baba yake kwenye mtandao, maana vijana ndivyo wafanyavyo. Akikuta ukurasa mweupe atadhani tumekufa. Haya, nimeandika. Tena ananiamuru niongeze kwamba anataka kumwona mwanawe angali hai, na kwamba hasemi mzaha.

Mjomba wako.

1 Februari

Mjomba, shikamoo.

Shikamoo nyingine mpelekee mkaza mjomba hapo kitini kwake, na mwambie nimekonda kweli, nisimgombanishe na wewe bure. Mimi mzima. Bado nipo kule kule chini ya hospitali, kwenye chumba cha kompyuta kisicho na dirisha. Mvua ikinyesha naambiwa na viatu vya wanaoingia.

Tovuti imefufuka. Iliyoiangusha ni programu moja iliyojisasisha yenyewe, halafu mwenzake wa zamani, anayeshikilia zile picha zako, akakataa kufanya naye kazi. Wewe unajua kinachotokea ukitia sindano mpya ya namba isiyo yake. Nimerudisha nakala ya akiba na nimewapatanisha. Picha ya Desemba imepotea, iweke tena ukipata nafasi. Na kuanzia sasa, ukiona kitufe kinakuomba usasishe, usikibonyeze hata kikikubembeleza. Niandikie, nitatoa nakala kwanza, ndipo tusasishe. Hayo ndiyo matunzo yenyewe, mjomba: nakala kwanza, mkono baadaye.

Nilipokuwa humo ndani nimeona jambo ambalo sikuja kulitafuta. Naomba nikuulize kwanza kabla sijasema neno. Ile likizo niliyokaa nawe steshenari tukaijenga tovuti, basi la kurudi huku lilinihimiza nikakuachia maswali ya mwisho uyajibu mwenyewe. Uliyajibu vipi? Hasa lile la kisanduku cha chini kabisa. Kumbuka taratibu, kisha uniandikie.

Mpwa wako.

24 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua karibu mwezi, sijui imekuja kwa miguu. Tunaendelea hivyo hivyo. Mke wangu sasa hafiki dirishani bila kushikwa. Jirani yetu mshona sare anakuja mchana kumkalia nikiwa kazini, Mungu ambariki, ingawa anasema sana na mimi sisikii hata nusu, labda ndiyo maana tunapatana. Hiyo cherehani yake imenitesa juma zima. Inaruka mishono. Nimebadilisha sindano, nimesafisha chini ya meno, nimekaza, nimelegeza, wapi. Mwisho nikagundua mtu aliwahi kuifungua akairudisha ndoano vibaya, akanyamaza. Watu wana roho ngumu. Mtu anaharibu kitu kisha anakirudisha mezani kama hakuna lililotokea.

Tovuti nimeiona, imependeza, ahsante. Picha ya Desemba nimeirudisha, ile ya mke wangu akiwa kitini. Nimeandika chini yake kwamba ana nguvu.

Maswali yako sijayaelewa. Ni zamani, nani akumbuke visanduku? Wewe ndiye uliyesoma mambo hayo. Niambie tu inafanya kazi au haifanyi. Mke wangu kila jioni ananiuliza ni nani kapita leo kwenye tovuti. Yeye anaiona kama baraza, anadhani watu wanapita na kusalimia. Namwambia wamepita. Sasa nakuuliza wewe: watu wanapita?

Nijibu kwa ukweli, usinibembeleze.

Mjomba wako.

16 Machi

Mjomba, shikamoo. Mgonjwa wetu anaendeleaje? Mwambie nimeiona picha yake, na ule mtandio ninautamani.

Umetaka ukweli. Hakuna anayepita. Tangu tovuti ianze, walioifungua ni wawili: wewe kutoka steshenari, na mimi kutoka huku. Hakuna wa tatu.

Kisanduku nilichokuulizia kinasema hivi: zuia mitambo ya kutafuta isiuonyeshe ukurasa huu. Kinatiwa tiki watu wakiwa bado wanajenga, kisha kinaondolewa siku ya kufungua. Chako kina tiki mpaka leo. Maana yake ni kwamba mtu akiandika jina lako mtandaoni, hata akiliandika na la babu, haletewi kitu. Nimejaribu mwenyewe kutoka huku na sikuletewa kitu. Duka lipo, taa zinawaka, bidhaa zimepangwa, ila barabara ya kufika haipo. Anayeweza kuingia ni mwenye anwani kamili mkononi, na tovuti ilijengwa mwanao ameshaondoka. Nani angempa?

Kwanza nilidhani ni mimi niliyekisahau, nikashindwa kula. Lakini tovuti huweka kumbukumbu. Mimi nilikiacha wazi. Kilitiwa tiki siku iliyofuata, kwa jina lako la kuingilia.

Mjomba, sikulaumu, na kwa nini nisikulaumu nitakwambia. Nilipokuwa narudisha kurasa moja moja kuhakikisha zimekaa sawa, nilifika kwenye ule ulioupa jina "Kwako". Nimeusoma, nisamehe. Habari za kichwa cha cherehani cha mteja kilichopotea, na wewe kusimama katikati ya mtaa ukamwita mwanao mwizi, watu wote wamezunguka. Na jinsi ulivyokikuta baadaye nyuma ya magunia, ulikokiweka mwenyewe. Nilikuwa sijui. Nilijua mligombana tu.

Nafikiri nimeelewa. Ulitaka asome yeye, mtaa usisome. Ukaona swali linalouliza kama tovuti ionekane na kila mtu, ukajibu kama ambavyo yeyote wa ukoo wetu angejibu. Lakini mtandao haujui kumchagua mtu mmoja. Ukimfungulia yeye, umemfungulia mshona sare na mwenye steshenari na wale mafundi wote mliohamia nao.

Kukiondoa ni kazi ya kubofya mara moja. Sijabofya. Naweza kuuficha ukurasa ule na kufungua kurasa nyingine, lakini basi akija atakuta nini? Picha za cherehani. Maneno ni yako na jina ni lako, kwa hiyo nangoja ruhusa yako. Usichelewe, mjomba. Nakuomba.

Mpwa wako.

4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya Machi ilifika. Kama ilifika na umekasirika, niandikie matusi, nitayapokea kwa mikono miwili. Kama haikufika, niambie niirudie. Nimemtumia mshona sare ujumbe kwenye simu, akajibu kwamba unakwenda kazini kila siku na barua uliipata. Mkaza mjomba, amesema, anaongea kidogo sana sasa.

Mjomba, mimi naweza kubofya hata sasa hivi. Sema neno moja tu.

Mpwa wako.

17 Juni

Mpwa wangu,

Ujumbe wa msiba uliupata, na jibu lako nilisomewa mbele ya watu. Ahsante. Ulituma pole nzuri. Najua usingeweza kuwahi, hukupewa ruhusa kazini, wala sina kinyongo.

Tumezika. Watu walikuwa wengi. Mafundi wote walifunga karakana zao, hata yule wa baiskeli tusiyesalimiana naye alikuja akabeba. Wanawake waliokuwa wakisuka ukili na mke wangu ndio waliomwosha. Sikusikia waliyosema kaburini, niliona midomo tu, na pengine ilikuwa nafuu.

Barua yako ya Machi niliipata. Niliiweka kwenye droo ya sindano. Kila asubuhi nilikuwa navuta droo ile kuchukua sindano, naiona, naifunga. Usinitake nieleze zaidi ya hapo.

Jioni moja kabla hajapoteza fahamu aliniomba nimsogezee sikio karibu, ingawa anajua sikio lenyewe. Nikamwangalia mdomo. Aliuliza lile swali lake, nani kapita leo. Nikamwambia wengi. Akaniuliza, na yeye? Nikasema bado. Akanitazama sana, mpwa wangu. Mke wangu tulioana naye tukiwa vijana, alikuwa ananisoma hata nikiwa nimempa mgongo. Nadhani alijua kuna kitu ninakificha, ila akadhani ni habari mbaya ya mtoto. Amekwenda na wasiwasi huo. Ningeweza kumwondolea kwa maneno machache, nikayahesabu kuwa mazito kuliko yeye.

Kiondoe hicho kisanduku. Ukurasa ule usiufiche.

Mjomba wako.

28 Julai

Mjomba, shikamoo, na pole tena. Pole haimaliziki.

Barua hii nimempa mwenzangu wa kazini anayekuja huko likizo. Nimemwomba akukabidhi mkononi, kwa sababu posta ingechukua mwezi na hili halingojei. Tafadhali kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Nilikiondoa kisanduku saa ile ile nilipopata barua yako. Nikapitia na kurasa zote, nikatengeneza viungo vilivyokatika, nikatoa nakala mpya. Mitambo ya kutafuta ina uvivu wake, inachukua siku kuja kukagua mahali papya. Nikawa naandika jina lako kila nikifika kazini, hakuna kitu, hakuna kitu, kisha asubuhi moja ukawa wa kwanza kabisa, wewe na cherehani zako.

Jumanne iliyopita umeingia ujumbe kupitia lile dirisha la kuandikia. Niliupanga unifikie mimi kwanza, ili nikuchujie wapuuzi. Nakunakilia wote, si mrefu:

"Baba, nimeusoma. Nilikuwa natafuta jina lako kila nilipohamia mahali papya. Hakukuwa na kitu. Nikajua mmenifuta, nikawaacha. Mama yupo?"

Ndiyo hivyo tu. Hakuacha namba wala mahali alipo, ni anwani ya barua pepe peke yake. Ni yeye, mjomba. Anwani yenyewe, nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, imeanza na lile jina la utani la utotoni, lile tulilomwita kwa sababu ya kukimbia kuoga.

Sijamjibu. Nilianza mara nyingi nikafuta. Alitutafuta tukiwa wote hai. Nimekaa chini humu bila dirisha nikilia hadi msimamizi wangu akaniuliza kama ni kompyuta kubwa imeungua. Nami nina langu. Mwezi Machi ningekibofya bila kukuuliza, pengine mama yake angemwona, au angesikia kwamba yu hai. Nilijifanya mwenye adabu. Hilo litabaki kwangu.

Nimefikiria la kufanya, na ninakuletea uamue. Naweza kumwandikia mimi, nimwambie kwamba lilikuwa kosa la kuijenga tovuti, kwamba kisanduku kiliachwa na mimi niliyeijenga. Mimi ni binamu yake, tulicheza pamoja, hasira yake kwangu haitakaa. Mkibaki na njia ya kurudiana, mimi nalaumiwa kwa furaha. Habari ya mama tumpe taratibu, akishakaribia. Si uongo mzima, mjomba. Ni mimi kweli niliyekukimbia pale steshenari kabla kazi haijaisha.

Nipe jibu kwa huyo huyo mwenzangu, anarudi mwisho wa mwezi wa nane.

Mpwa wako.

14 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwenzako nilimkosa, alipokuja kuaga nilikuwa nimelala na homa. Sasa nimepona. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Mshona sare bado anakuja mchana kwa mazoea, anafika mlangoni ndipo anakumbuka.

Ulichoniomba nimekikataa, na kabla hujanuna nisikilize. Nilipomaliza kusoma barua yako nilifunga karakana nikaenda steshenari. Yule mama akanifungulia barua pepe, nikamwomba aniachie mwenyewe. Ninabonyeza kwa kidole kimoja, unanijua. Niliandika hivi: "Mwanangu, mama yako hayupo. Tumemzika Juni. Alikuwa anakuulizia kila jioni. Hukutuona kwa sababu mimi nilizuia tusionekane, nisiaibike mtaani kwa niliyokutenda. Binamu yako hana kosa, mama yako hakujua. Ni mimi." Nikaisoma mara moja nikaituma. Ningeisoma mara ya pili ningeongeza maneno ya kujitetea.

Sasa wewe mwandikie chochote, si vibaya, ila usinibebee.

Mtaa nao umesoma. Mwenye steshenari alikuwa wa kwanza, nadhani, halafu ikaenda karakana kwa karakana. Nilingoja wanicheke. Fundi wa baiskeli ndiye aliyekuja, akasimama mbele ya benchi langu, akasema kwa sauti ya kunisikilizisha: "Kile kichwa tulijua ulikipata. Mteja mwenyewe alitwambia siku uliyomrudishia. Tulikuwa tunangoja useme." Kisha akanikabidhi pampu yake nimtengenezee valvu, na mimi si fundi wa pampu.

Walijua, mpwa wangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nawafichia watu kitu wanachokijua. Aliyefichwa ni mtoto peke yake, na mama yake.

Nakwenda steshenari kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Hajajibu. Mwenye steshenari ananionea huruma, jana ameniambia huenda tovuti imeharibika tena, nikuandikie uitazame. Nimemwambia haijaharibika. Inafanya kazi vizuri.

Mjomba wako.